Nani ameipanga ile namba? Kuelewa udhibiti wa akili bandia inayosoma eksirei

Gari la upimaji wa kifua kikuu limeegeshwa karibu na soko. Mtu anavua shati, anasimama mbele ya kibao, anaambiwa avute pumzi na aibane. Picha inapigwa. Hajamaliza hata kufunga vifungo, kwenye kompyuta mpakato imeshatokea picha ya mapafu yake, sehemu moja ikiwa imepakwa rangi nyekundu na njano, na pembeni pameandikwa namba: 62. Hapo hakuna daktari bingwa wa radiolojia, na pengine hata hospitali ya wilaya hayupo. Namba hiyo imetolewa na programu ya akili bandia: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo picha inavyofanana zaidi na ya mwenye kifua kikuu. Mhudumu anaitazama. Ikiwa imevuka kiwango kilichowekwa, mtu huyu anapewa kikopo cha makohozi. Ikiwa haijavuka, anaambiwa aende zake.

Huduma ya namna hii ina baraka rasmi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo unaosema programu ya kompyuta inaweza kutumika badala ya msomaji binadamu kusoma eksirei ya kifua wakati wa kuwachuja watu kwa ajili ya kifua kikuu. Kwa nchi kama zetu lilikuwa jambo kubwa, maana mashine ya eksirei inaweza kununuliwa ndani ya mwaka mmoja wa bajeti, lakini bingwa wa kuisoma picha yake husomeshwa kwa takriban miaka kumi tangu aingie chuo.

Sasa, mtu akiuliza kama programu hizi zimeidhinishwa, jibu ni ndiyo. Tatizo ni kwamba neno hilo linabebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Mamlaka za udhibiti haziidhinishi akili bandia kwa ujumla wake. Kinachoidhinishwa ni dai: programu hii, toleo hili, kwa picha za aina hii, kwa watu wa umri huu, kutafuta ugonjwa huu, na majibu yake yakipokewa na mtu wa kiwango hiki. Ukibadilisha kipande kimoja cha dai hilo, kibali kinabaki ukutani lakini hakizungumzii tena unachokifanya.

Mwaka 2018 nchini Marekani ulionyesha hili vizuri. Februari, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, FDA, iliruhusu programu ya kampuni ya Viz.ai inayochunguza CT-Scan za mishipa ya damu ya kichwa. Ikihisi mshipa mkubwa umeziba, inamtumia ujumbe bingwa wa kiharusi kwenye simu ili awahi. Basi. Picha zote bado zinasomwa na daktari kama kawaida. Programu inachofanya ni kumsogeza mgonjwa mbele ya foleni. Aprili mwaka huohuo FDA ikairuhusu IDx-DR, inayosoma picha za sehemu ya ndani ya nyuma ya jicho kutafuta madhara ya kisukari. Hii yenyewe inatoa jibu bila daktari wa macho kuiona picha. Mashine zote mbili zimejengwa kwa teknolojia za jamii moja, lakini madai yake yako mbalimbali. Ya kwanza ikikosea, kuna jicho jingine nyuma yake. Ya pili ikikosea, mgonjwa ameshaenda nyumbani. Ndiyo maana ya pili ilitakiwa kujaribiwa kwa wagonjwa 900 katika vituo 10 vya huduma za msingi, na watengenezaji wake wakajitokeza kusema watabeba wajibu wa kisheria kwa majibu ya mashine yao. Hilo la mwisho ningependa kuliona likiandikwa kwenye kila mkataba wa programu inayofanya kazi peke yake.

Turudi kwenye gari letu. Dai la WHO limewekewa mipaka: watu wa miaka 15 na kuendelea, eksirei ya kidijitali, kifua kikuu cha mapafu, katika kuchuja. Shirika lenyewe limeandika kwamba pendekezo hilo ni la masharti na kwamba ushahidi wake una uhakika mdogo. Mtoto wa miaka tisa aliyeletwa na mama yake kwenye gari hilohilo hayumo ndani ya dai. Mashine itampa namba, kwa sababu mashine humpa namba kila anayesimama mbele yake, lakini namba hiyo haina mdhamini.

Kuna na jambo la pili, ambalo wahudumu wenyewe hulisahau. Namba ndogo maana yake ni kwamba dalili za kifua kikuu hazijaonekana. Haimaanishi kwamba kifua ni kizima. Kenya ilipofanya utafiti wake wa taifa wa kifua kikuu mwaka 2016 na picha zikachambuliwa upya baadaye, watu wengi ambao picha zao zilikuwa na kasoro hawakuwa na kifua kikuu, na moyo uliotanuka ulikuwa miongoni mwa kasoro zilizoonekana sana. Programu iliyofundishwa kutafuta kifua kikuu tu inaweza kumpa mtu wa namna hiyo namba ya chini kabisa, akaondoka akiamini amepimwa kifua na yuko salama. Kwa maoni yangu, karatasi ya majibu ingeandika wazi kile ambacho hakikutafutwa. Haihitaji sheria mpya wala senti moja ya ziada.

Halafu kuna kiwango chenyewe, yaani ile namba ambayo ukiivuka unapelekwa kwenye kipimo cha makohozi. Hapa ndipo kiini cha udhibiti kilipo, na ndipo pasipozungumzwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Umepima watu 1,000, na 20 kati yao wana kifua kikuu. WHO kwa kipimo cha kuchuja inataka angalau asilimia 90 ya wagonjwa wanaswe, na angalau asilimia 70 ya wasio wagonjwa waachwe waende. Ukikipanga kiwango kikatimiza hayo barabara, utawanasa wagonjwa 18 na utawakosa 2. Kati ya wale 980 wasio na ugonjwa, 294 watavuka kiwango bila sababu. Jumla utakuwa na watu 312 wa kupima makohozi. Katriji moja ya GeneXpert, mashine ya kupima makohozi hayo, tangu bei iliposhushwa Septemba 2023, ni dola 7.97 kwa nchi zinazostahili bei hiyo. Katriji pekee zinafika karibu dola 2,500.

Meneja wa mradi anaangalia bajeti, anaona haitoshi, anapandisha kiwango. Tuseme sasa wanaovuka bila sababu wameshuka hadi 98, na wagonjwa wanaonaswa ni 16. Wa kupimwa ni 114, na gharama imeshuka hadi karibu dola 900. Mradi umeokoa dola 1,600 hivi, na wagonjwa wanaorudi nyumbani na kifua kikuu wameongezeka kutoka wawili hadi wanne, kila mmoja akirudi kwenye nyumba yenye watoto, kwenye daladala, kwenye ibada.

Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi. Fedha zilizookolewa huenda zikapeleka gari kwenye kijiji kingine na kupata wagonjwa wengi zaidi. Ila ni uamuzi kuhusu nani atafutwe na nani aachwe, na unafanywa kwa kubofya kisanduku kwenye ukurasa wa mipangilio. Mamlaka ya dawa haikigusi kisanduku hicho inapotoa kibali. Mtengenezaji anaweza kupendekeza namba, lakini pendekezo lake limetokana na watu wengine mahali pengine. WHO mwaka huohuo wa 2021 ilitoa mwongozo maalumu wa namna ya kutafuta kiwango kinachofaa mahali husika: unakusanya picha za watu wa kwenu, unawapima makohozi wote, waliovuka na wasiovuka, kisha unaona namba ipi inawatenganisha vizuri. Ni kazi ya miezi na inagharimu. Ndiyo maana huwa ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Na si kazi ya kujifurahisha kitaalamu. Utafiti uliofanywa Dhaka, Bangladesh, ukachapishwa mwaka 2021, ulijaribu programu tano kwa picha za karibu watu 24,000. Zote tano ziliwashinda wasomaji wa radiolojia wa hapo. Lakini zote zilifanya vibaya zaidi kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu, kwa sababu kovu la zamani na ugonjwa mpya hufanana kwenye picha. Sasa chukua kiwango kilichopangwa kwa vijana wa mjini, ukipeleke kwa wachimbaji wa Mirerani waliovuta vumbi la mawe kwa miaka. Kibali ni kilekile, programu ni ileile, na majibu si yaleyale.

Unaweza kujiuliza mamlaka kubwa za nje zinafanya nini kabla programu haijatufikia. FDA hugawa vifaa tiba katika madaraja matatu kwa kadiri ya hatari. Programu nyingi za radiolojia huangukia daraja la kati na hupita kwa njia iitwayo 510(k), ambapo mtengenezaji anaonyesha kwamba kifaa chake kinalingana kimsingi na kingine ambacho tayari kiko sokoni kihalali. Orodha ya FDA ya vifaa vyenye akili bandia imeshapita 1,000, na takriban robo tatu ni vya radiolojia. Kwa njia hiyo si lazima mtengenezaji aonyeshe kwamba wagonjwa walipona zaidi, au hata kwamba madaktari waliotumia kifaa walisoma picha vizuri zaidi hospitalini. Mara nyingi picha zilizohifadhiwa zamani zinatosha.

Umuhimu wa tofauti hiyo ulionekana kwenye saratani ya matiti, muda mrefu kabla ya wimbi la sasa. Mwaka 1998 FDA iliidhinisha ImageChecker, programu ya kuweka alama kwenye mamogramu, yaani eksirei za matiti, ili daktari aangalie tena sehemu zenye shaka. Ushahidi ulionyesha inaweza kuweka alama kwenye saratani ambazo macho ya binadamu yaliziruka. Bima ya serikali, Medicare, ikaanza kulipia. Hospitali zikanunua, na baada ya miaka michache programu za aina hiyo zilikuwa karibu kila mahali. Mwaka 2007 watafiti walitazama vituo 43 na kukuta kwamba pale zilipowekwa, wanawake wengi zaidi waliitwa warudi bila kuwa na saratani na biopsi, yaani kukatwa kinyama cha kupimwa, ziliongezeka kwa karibu asilimia 20, bila usomaji kuwa sahihi zaidi. Mwaka 2015 ukaja utafiti mkubwa kuliko huo, wa mamogramu zaidi ya 625,000 zilizosomwa na madaktari 271. Madaktari waliotumia programu walinasa asilimia 85.3 ya saratani, na wasiotumia asilimia 87.3. Waandishi wake walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa ikigharimu zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka.

Programu haikudanganya. Alama ilizoweka ziliwekwa kweli. Kilichokosekana ni kumpima daktari na programu wakiwa pamoja, kazini, siku yenye foleni ndefu. Alama zikiwa nyingi mno daktari huzizoea na kuzipuuza. Zisipokuwepo, huamini kwamba hakuna kitu na kupunguza umakini. Ilichukua miaka 17 tangu kibali hadi jibu lisilo na ubishi, na muda wote huo fedha zililipwa.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Sweden ilipotaka kujua kama akili bandia inaweza kupunguza mzigo wa kusoma mamogramu, iliwagawa wanawake zaidi ya 80,000 kwa bahati nasibu: upande mmoja picha zisomwe na madaktari wawili kama kawaida, upande wa pili programu iamue ni zipi zinahitaji wawili na zipi mmoja anatosha. Matokeo ya awali ya 2023 yalionyesha kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizonaswa zilikuwa 6.1 kwa kila wanawake 1,000 dhidi ya 5.1. Huo ndio ushahidi wa kumwonyesha waziri wa afya.

Kuna ugumu mwingine ambao vifaa vya kawaida havina. Ukinunua mashine ya kupima shinikizo la damu unajua inapima nini. Programu hizi hujifunza zenyewe kutoka kwenye mamilioni ya nukta, na zinaweza kujifunza kitu ambacho hukukusudia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waligundua kwamba programu yao ya kutambua nimonia ilikuwa na uwezo wa kujua picha imetoka hospitali gani. Kwa kuwa baadhi ya hospitali zilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kuijua hospitali kulisaidia kubahatisha ugonjwa. Picha zilizopigwa kwa mashine za kusukumwa hadi kitandani zilikuwa na alama yake, na mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani kwa kawaida ni mahututi. Programu ikipelekwa hospitali isiyoijua, usahihi unashuka, na hakuna taa nyekundu inayowaka kukuonya.

Daktari Judy Gichoya, Mkenya aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Moi na sasa ni bingwa wa radiolojia katika Chuo Kikuu cha Emory, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ambao bado unazisumbua mamlaka. Timu yake ilionyesha kwamba akili bandia inaweza kutambua mtu amejitaja kuwa wa asili ipi kwa kuangalia eksirei yake tu, hata picha ikififishwa hadi daktari haoni tena kitu cha maana. Hakuna bingwa anayeweza kufanya hivyo, wala hakuna aliyeweza kueleza inafanyaje. Kwa mdhibiti maana yake ni nzito: kumwambia daktari "kagua kazi ya mashine" ni kinga nyembamba, ikiwa mashine inaweza kuona kitu ambacho daktari hakioni na kukitumia kwenye jibu.

Na programu hubadilika. Kopo la dawa lililosajiliwa mwaka jana lina dawa ileile mwaka huu. Programu hupata toleo jipya, na kwenye hizi za kifua kikuu 62 ya toleo la zamani si lazima iwe 62 ya toleo jipya, kwa hiyo kiwango mlichohangaika kukitafuta kwa miezi kinaweza kupoteza maana usiku mmoja. Marekani wamejibu kwa kumruhusu mtengenezaji aandike mapema ni mabadiliko gani atayafanya, atayapima vipi, na mpaka wake uko wapi. Bunge liliweka msingi wa kisheria Desemba 2022 na mwongozo kamili wa FDA ukatoka Desemba 2024. Ulaya imeongeza safu ya pili: juu ya kanuni ya vifaa tiba inayotumika tangu Mei 2021, imepitisha sheria ya akili bandia iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 1, 2024, inayoziweka programu za namna hii kwenye kundi la hatari kubwa na kudai kumbukumbu za matumizi, usimamizi wa binadamu na data za kufundishia zinazoeleweka zimetoka wapi.

Sisi tuko wapi? Tanzania vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mionzi ya mashine ya eksirei inakaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Picha ya mgonjwa, kama taarifa yake binafsi, inalindwa na sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya mgawanyo unafanana: Bodi ya Famasia na Sumu kwa vifaa, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kwa mionzi, Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa taarifa chini ya sheria ya 2019, na sasa pia Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Taasisi hazikosekani. Mwaka 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika ambayo WHO ilithibitisha udhibiti wake umefika kiwango cha tatu cha ukomavu, ingawa kilichopimwa kilikuwa dawa na chanjo, si programu za kompyuta.

Ukizitazama taasisi hizo zote pamoja, mionzi ina mwenyewe, mashine ina mwenyewe na taarifa ina mwenyewe. Kiwango kile cha kwenye kisanduku kinabaki kwa mpango wa taifa wa kifua kikuu au, mara nyingine, kwa mradi wenye mfadhili na muda wa miaka mitatu.

Wengine hushauri kwamba nchi zisizo na wataalamu wengi zitegemee tu maamuzi ya FDA na Ulaya. Kwa sehemu wana haki. Hakuna sababu ya TMDA kurudia kukagua namna programu ilivyoandikwa, na WHO yenyewe inakubali mamlaka kuegemea kazi ya mamlaka nyingine. Lakini cheti cha Ulaya hakiwezi kusema chochote kuhusu makovu ya mapafu ya watu wa Mbeya, kwa sababu hakuna aliyekiuliza. Sehemu hiyo haiwezi kuazimwa, na tuna watu wa kuifanya: programu ya CAD4TB, mojawapo ya kongwe kabisa za kusoma eksirei za kifua kikuu, ilipimwa Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, miaka saba kabla ya mwongozo wa WHO.

Kinachohitajika si kikubwa na kinaweza kuwekwa kwenye sharti la usajili au kwenye mkataba wa ununuzi kesho asubuhi. Kiwango kiandikwe kwenye rejista, pamoja na jina la aliyekipanga, tarehe, na idadi ya picha za ndani alizotumia. Toleo jipya lisiwashwe kabla halijapitishwa kwenye picha hizohizo na matokeo kulinganishwa. Mashine imkatae mtu wa chini ya miaka 15 badala ya kumpa namba isiyo na mdhamini. Na katika kila watu mia walio chini ya kiwango, wachache wachaguliwe bila kuangalia sura wala namba, wapimwe makohozi hata hivyo. Bila hao wachache hakuna mahali popote kwenye takwimu za mradi ambapo waliokoswa wataonekana, kwa sababu aliyeambiwa aende zake hawekwi kwenye ripoti ya wagonjwa. Kwa mfano wetu wa watu 1,000, kuwapima 50 kati yao kwa njia hiyo kungegharimu chini ya dola 400 za katriji.